Kanyagio la Kulia

Bagalwa aliirudisha pikipiki Ijumaa alasiri akiisukuma kwa mikono, na kabla hajaiegesha vizuri Sikuli alikuwa amekwisha kumtuma mdogo wake, Luc, aende kununua chumvi. Chumvi ilikuwapo ndani, pakiti nzima. Katungu alijua hivyo maana ndiye aliyeinunua, lakini alijua pia kwamba mumewe akitaka mtu aondoke hakosi cha kumtuma. Akaendelea kutenga makaa makubwa na madogo ya biashara yake.

Bagalwa, fundi wa kuchomea vyuma aliyetoka upande wa Bukavu, alipiga magoti kwenye mawe meusi ya uani akaonyesha kazi yake kwa ncha ya bisibisi. Alikuwa mtu wa kujisifu, na safari hii alikuwa na haki. Kutoka kwenye kanyagio la gia, ambalo liko upande wa kushoto, alikuwa amepitisha chuma chembamba chini ya injini hadi upande wa kulia, ili mguu wa kulia uweze kubadilisha gia peke yake. Breki ya nyuma, ambayo kila dereva wa pikipiki mjini Goma huikanyaga kwa mguu wa kulia, alikuwa ameihamishia kwenye mshikio wa kushoto, chini ya klachi, kwa waya wa baiskeli.

"Vitesse njo hii sasa," alisema akigonga kanyagio la kulia. "Ile ya kushoto nayo inafanya kazi, sikuitoa, ju inashikilia chuma. Frein ya nyuma iko kwa mukono ya kushoto. Muguu yako ya kushoto ipumuzike, papa. Haina tena kazi."

"Ile muguu inapumuzika tangu mwezi wa pili," Sikuli alisema.

Risasi ya barabara ya Bunagana ilimwingia juu ya goti siku alipokuwa amepakia maharage. Madaktari waliuokoa mguu, kama mtu anavyookoa mlango wa nyumba iliyoungua. Ulikuwapo, ulivaa kiatu, ulijaza suruali. Lakini haukuhisi baridi wala joto, na vidole vyake havikuinuka hata mwenyewe akivitukana.

Sikuli aliinama akaligusa kanyagio la kulia. Bagalwa alikuwa amelipaka rangi nyekundu.

"Na hii rangi ni ya nini?"

"Ya kuonya batu. Mutu mwingine akipanda hii moto, atazania ni frein. Atakanyaga asimame, kumbe anaongeza vitesse. Hii kitu inaweza ua mutu, papa Bénie. Sichezi."

"Hakuna mutu mwingine ataipanda. Ukwangue ile rangi. Ikuwe kama frein ya batu bote. Na ile manette ya mukono tutaifunika na manchon."

Manchon ni yale mafuko ya ngozi bandia ambayo madereva huvalisha mishikio ya usukani kwa ajili ya mvua na baridi. Kila pikipiki ya tatu, au moto kama wanavyoiita Goma, inayo. Bagalwa alimgeukia Katungu kama mtu anayetafuta shahidi.

"Mama Bénie, umusemeshe bwana yako."

"Ye njo anaendesha," Katungu alisema.

Alikuwa amechoka. Kwa miezi minane alikuwa amemwogesha mume, amembeba mpaka chooni, amemsikiliza akiuliza kila asubuhi kama Luc ameangalia mafuta ya injini. Kama rangi ndiyo iliyokuwa kikwazo cha mwisho, basi na iondoke.

"Client akiona rangi, ataniuliza," Sikuli alieleza, ingawa hakuna aliyemuuliza. "Nikimujibu, atashuka."

Bagalwa alikwangua rangi kwa wembe, akakusanya vifaa vyake. Mlangoni aligeuka. "Nimefuta ju we njo mwenye moto. Lakini mukono yangu haimo."

Alipokwisha kwenda, Sikuli alimwambia mkewe kwa sauti ya chini kwamba Luc asijue. Luc akijua leo, kesho parking yote itajua. Parking ni pale madereva wanapongojea abiria, na kila parking ina kamati yake, ambayo humpa dereva gilet, yaani kizibao chenye namba. Sikuli alikuwa amewaambia wa kamati, na hata Luc, kwamba mguu umepona.

"Umesikia?"

"Nimesikia," Katungu alisema.

Luc alirudi na chumvi. Akaizunguka pikipiki aliyokuwa akiiendesha miezi yote hiyo ili nyumba ile ipate kula, akaipiga kiti kofi la kirafiki. "Haina hata alama! Bagalwa alifanya nini sasa?"

"Alirekebisha kidogo," Sikuli alisema.

"Basi sawa, yaya." Luc, ambaye siku zote alimwita Sikuli yaya, yaani kaka mkubwa, akatoa ufunguo mfukoni akampa kwa mikono miwili, bila kuombwa. "Mi nitatafuta patron mwingine. Gilet niko nayo, namba niko nayo, sitakosa moto ya kuendesha."

Katungu aliingia ndani na ile chumvi. Aliona haya kuibeba.

*

Kwa wiki mbili mambo yalikwenda. Sikuli alikuwa dereva mzuri kabla ya risasi na alibaki dereva mzuri baada yake, na siku ya kwanza alirudi nyumbani na samaki wawili na uso ambao Katungu alikuwa ameanza kuusahau. Alimrusha juu mtoto wao mdogo, Ange, mpaka mtoto akaogopa. Bénie, binti yao mkubwa, aliuliza kama sasa atarudi shule. Akajibiwa kwamba atarudi.

Lakini Katungu aliuza makaa yake ng'ambo ya barabara, mkabala na parking, na yeye aliona yale ambayo wengine hawakuyaona. Sikuli alifika kabla ya wote, giza halijatoka vizuri, ili asionekane akishuka. Aliegesha ubavu wa kushoto ukielekea ukuta. Hakushuka kununua chai, hakushuka kumsaidia mama mwenye mzigo, na haja ndogo aliibana hadi atakapopata safari ya kumpeleka mahali pasipo na watu wanaomjua. Alikuwa mfungwa juu ya kiti chake mwenyewe, na jioni alipofika nyumbani kiuno kilimuuma hadi akalia.

"Useme tu kwa Modeste," Katungu alimwambia siku moja akimkanda kwa maji ya moto. Modeste alikuwa président wa parking. "Ye ni mutu. Ataelewa."

"Modeste ataelewa. Ba clients njo hawataelewa."

"Basi umuambie Luc. Luc tu."

"Katungu, niache."

Akamwacha. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini kwa mwanamume aliyelia kwa maumivu ya kiuno jioni ile, mkewe hakuwa na moyo wa kumpigia methali.

*

Jumapili iliyofuata Sikuli alikwenda kwenye matanga ya jirani, mtaa wa pili, kwa fimbo, maana kwenye matanga hakuna abiria wa kumwona. Ufunguo ulibaki kwenye msumari nyuma ya mlango. Luc alikuwa hajapata pikipiki nyingine bado. Alikuwa uani anakula sombe na wali baridi pale Katungu alipotoka ndani na Ange mikononi.

Mtoto alikuwa na homa tangu usiku. Sasa macho yalikuwa yamegeuka, meno yameumana, na mwili mzima ulikuwa unaruka.

"Luc! Mutoto anakufa!"

Luc aliacha sahani. "Clé iko wapi?"

Na Katungu akampa. Aliuchukua ufunguo mwenyewe kwenye msumari, akauweka mwenyewe kwenye kiganja cha Luc. Baadaye aliulizwa na wengi, na yeye alijiuliza kuliko wote, kama alisahau. Hakusahau, wala hakukumbuka. Mtoto akigeuza macho, kichwa cha mama hakina nafasi ya breki.

Alimfunga Ange mgongoni kwa kitenge, akapanda nyuma. Luc aliwasha, akaweka gia kwa mguu wa kushoto kama alivyofanya siku zote, na pikipiki ikatii, maana kanyagio la kushoto lilikuwa bado linafanya kazi. Hakuna kilichomshtua. Alisema tu kwamba mle ndani ya manchon kuna kitu kinamkwaza vidole, kisha akasahau, wakashuka mtaa wa Majengo kwa kasi, Katungu akiita jina la mtoto kila baada ya pumzi mbili ili ajue kama bado anasikia.

Kwenye mteremko wa mawe, wanawake watatu waliotoka kuchota maji walikuwa wanavuka na madumu yao ya njano. Luc alipiga honi, akakanyaga breki. Breki ya mbele hakuigusa. Hakuna dereva wa Goma anayeigusa kwenye changarawe ya volkano, maana gurudumu la mbele litateleza na kukuangusha. Alikanyaga kwa mguu wa kulia, kwa nguvu.

Pikipiki, badala ya kusimama, ikapata mbio.

"Haiko frein!" Katungu alipiga kelele. "Luc, ile haiko frein!"

Luc alikanyaga tena, na ikazidi tena. Wanawake waligeuka. Mmoja aliachia dumu. Kulikuwa na nafasi ya kuwapita wawili, si watatu, na Luc akauzungusha usukani kulia kwenye ukuta wa mawe, kwa upande wake, bega lake likiwa mbele. Katungu alianguka kwa magoti na viganja, Ange akiwa salama mgongoni. Alisikia mtoto analia na kwa mara ya kwanza siku ile akamshukuru Mungu kwa kilio. Kisha akasikia mtu mwingine analia, akageuka.

*

Wadi ya hospitali ilikuwa imejaa majeruhi wa vita vya kaskazini, wawili kitanda kimoja. Luc aliwekewa godoro chini, kati ya askari asiye na jina na mzee aliyeletwa kutoka kambi ya Kanyaruchinya. Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika sehemu mbili na mkono wa kulia sehemu moja. Ange, aliyekuwa sababu ya yote, alikuwa amedungwa sindano yake na sasa amelala kwenye mapaja ya mama yake, anatoka jasho jema.

"Shemeji," Luc alisema, "uliniambia haiko frein."

Katungu alimfunika Ange miguu kwa kitenge.

"Ulijuaje?"

Akamweleza yote, chuma cha chini ya injini, rangi, wembe, na chumvi. Luc alisikiliza akiangalia dari, na midomo yake ilikuwa imekauka kwa maumivu.

"Kwa nini hamukuniambia?"

"Aliogopa utasema kwa parking."

"Na we?"

"Mi nilimuogopa ye."

Luc akafumba macho. Mzee wa Kanyaruchinya aliomba maji, Katungu akampa. Aliporudi kuketi, Luc alikuwa amegeuzia uso upande mwingine.

"Miezi nane," alisema. "Miezi nane nilimuletea kila kitu mukononi. Na hakuniamini hata na kanyagio."

Katungu alikuwa na jibu, kwamba ni miezi hiyo minane ndiyo iliyomtia Sikuli haya. Lakini ilikuwa aibu kulisema mbele ya mtu aliyevunjika.

*

Ni desturi ya parking: dereva akianguka, kamati huenda kumwona na sukari, mchele na sabuni, na katika kikao hicho hicho humhukumu. Sukari kwanza, hukumu baadaye. Siku ya tatu baada ya Luc kutolewa hospitali, Modeste alikuja na wenzake wawili, wakaketi kwenye kochi la Sikuli, wakaweka sukari mezani.

Walimpa Luc pole, wakamshukuru Mungu kwa ajili ya Ange. Walisema Goma imekuwa mji wa pole tupu, na kwamba mizinga ya jana usiku ilisikika karibu kuliko ya juzi. Kisha Modeste akakohoa. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kutoa hukumu kama mtu anayetoa sadaka ya lazima.

"Luc, tuambie. Ilikuwa namna gani?"

Luc alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mkono umefungwa kifuani. Alimtazama kaka yake. Sikuli alikuwa ameketi karibu na mlango, mguu mbovu ameukunjia chini ya stuli ili usionekane umelegea.

"Nilikuwa mbio," Luc alisema. "Mutoto alikuwa anakufa, nikaenda mbio. Kosa ni yangu."

"Frein ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri."

Modeste alitikisa kichwa kwa huzuni. "Ni mara ya pili, Luc. Mwaka jana tulikusamehe. Na safari hii ulikuwa na mama na mutoto nyuma. Leta gilet."

Luc alionyesha kwa kidevu. Gilet ya njano yenye namba yake ilikuwa imening'inia ukutani. Mmoja wa kamati akaitoa, Modeste akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya koti.

"Miezi sita. Unajua bila gilet hakuna patron atakupa moto."

"Najua."

Katungu alikuwa amesimama penye mlango wa jiko. Alimtazama mumewe. Sasa, alisema moyoni, sasa atasema. Sikuli aliangalia sukari. Katungu alingoja kiasi cha kusali Baba Yetu moja, taratibu, hadi amina. Sikuli aliendelea kuiangalia ile sukari kana kwamba imeandikwa kitu. Alimpenda mwanamume yule, na pale pale, akiwa anampenda, akamdharau, na mambo hayo mawili yakamchoma pamoja.

"Président, samahani," alisema. "Kuya uone moto."

"Tuliiona pale inje, mama Bénie. Imekunjika kidogo tu."

"Hamukuiona. Kuya uipande."

"Katungu!" Sikuli alisema.

Lakini alikuwa ameshatoka, na wanaume wakamfuata, wengine kwa udadisi, Luc kwa kusitasita, Sikuli wa mwisho. Pikipiki ilikuwa imesimama kwenye stendi yake ya katikati, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Modeste alipanda, stendi ikalalamika. Katungu akamwambia awashe, aweke gia ya kwanza. Modeste akaweka, kwa mguu wa kushoto, kama mtu yeyote. Gurudumu la nyuma likaanza kuzunguka.

"Sasa simamisha," Katungu alisema. "Kanyaga frein."

Modeste akakanyaga kwa mguu wa kulia. Klak. Gurudumu likazidi kuzunguka. Akaliangalia, akakanyaga tena. Klak. Likazunguka mpaka vumbi la uani likainuka na kuku wakakimbia. Modeste akazima injini, akabaki pale juu, na gurudumu likachukua muda wake kusimama.

"Sikuli," aliita hatimaye. "Frein iko wapi?"

Sikuli akaja. Siku zote alitembea kwa hila, akitupa nyonga ili mguu uende. Safari hii aliuacha uburutike, ukachora mstari kwenye vumbi mbele ya wote. Akavua manchon ya kushoto, akaonyesha ile manette ya breki.

"Na muguu?"

"Imekufa. Kutoka kwa goti mpaka chini."

"Ulituambia imepona."

"Ningewaambia ukweli, mungenikubali?"

"Sijui," Modeste alisema. "Hukutuuliza." Akashuka, akatoa gilet ndani ya koti, na hapo upole ukamwisha. "Nilikunja gilet ya mutoto wa batu, nikaitia kwa koti yangu, na we unaangalia sukari! Unaangalia sukari, Sikuli!"

Modeste alimrudishia Luc gilet yake, akaiweka juu ya bega zima. Kisha akatoa uamuzi bila kuketi. Kanyagio lipakwe rangi nyekundu, manchon zitoke, na kesho asubuhi Sikuli asimame mbele ya madereva wote, aseme mwenyewe kwa mdomo wake. Baada ya hapo kamati haitamfukuza. Abiria watachagua wenyewe.

Walipoondoka, Luc aliingia ndani akafunga pazia. Sikuli alibaki ameegemea pikipiki.

"Umenivua nguo mbele ya batu," alimwambia mkewe.

"Ile haya ilikuwa yako," Katungu alisema. "Ulikuwa unaivalisha Luc."

Alisubiri apigwe au atukanwe. Havikuja. Sikuli alimwomba tu amletee mkebe wa rangi kutoka kwa Bagalwa, na alipoletewa akapaka mwenyewe, akiwa ameketi chini, na kazi ya dakika tano akaifanya hadi wakati wa chakula.

*

Asubuhi madereva walikuwa kama thelathini. Katungu alitandika makaa yake ng'ambo ya barabara, akapanga mafungu. Hakusikia maneno ya kwanza. Sikuli aliyasema chini chini, na Modeste akamwambia ayarudie, kuna watu wako nyuma.

"Muguu yangu ya kushoto imekufa," Sikuli alirudia. "Nilidanganya. Luc hakuanguka ju ya mbio. Ni mi."

Kulikuwa na kicheko kimoja, kifupi, cha mtu aliyedhani kuna utani. Kisha madereva wakatawanyika kwenye pikipiki zao. Wawili walikuja kuliangalia kanyagio jekundu, wakaligusa, wakasema Bagalwa ni fundi. Halafu wakaenda zao kutafuta abiria.

Saa moja ikapita, ya pili, ya tatu. Familia za Kanyaruchinya zilipita na magodoro kichwani, hazikuwa na nauli. Mama Philomène, muuza vitenge, aliyekuwa mteja wa Sikuli kwa miaka mitano, alimjia moja kwa moja kwa mazoea, akainua mguu kupanda, akaona rangi.

"Na hii tena?"

Sikuli alimweleza. Ilibidi aeleze mara mbili, maana ya kwanza Mama Philomène aliicheka. Aliposadiki, alishusha mguu.

"Papa Sikuli, nitakuombea kwa Bikira Maria. Kweli. Lakini leo niko na haraka." Na akapanda pikipiki ya jirani, akiangalia upande mwingine hadi ilipoondoka.

Katungu aliona jinsi Sikuli alivyofuta kiti cha abiria kwa mkono, ingawa hakikuwa na vumbi. Alitaka kuvuka barabara akapande yeye, azungushwe mji mzima. Lakini kila mtu pale alimjua ni mkewe. Ingekuwa aibu juu ya aibu. Akauza fungu moja la makaa kwa bei ya nusu, bila kubishana, kwa sababu hakuwa na nguvu.

Ilikaribia saa sita Luc alipotokea juu ya barabara, anatembea, mkono umefungwa kifuani. Ilikuwa siku yake ya kurudi hospitali kuangaliwa mfupa. Siku nne walikuwa wamelala nyumba moja, yeye na kaka yake, wala hakumpa hata salamu. Madereva walimwona kutoka mbali.

"Luc! Kuya, panda, sitakulipisha!"

"Huku, Luc! Bule!"

Luc aliwashukuru mmoja mmoja, akapita. Alipita pikipiki nane, tisa, akafika kwenye ile yenye kanyagio jekundu, akasimama. Katungu alishikilia koleo la makaa bila kujua analishikilia.

"Motari," Luc alisema.

Hakusema yaya, alimwita kama abiria anavyomwita dereva yeyote. Sikuli aliinua macho.

"Luc, mi..."

"Mpaka hôpital, ni bei gani?"

Sikuli alikigusa kiti cha nyuma. "We panda tu."

"Niliuliza bei."

Ikapita lori, wakangoja kelele zipungue. Sikuli akataja franga elfu moja na mia tano.

"Mille cinq cents."

"Mille cinq cents! Nilisema unifikishe kwa hôpital, sikusema uninunulie hôpital." Watu wakacheka. Luc hakucheka, akashusha hadi elfu moja. "Mille."

"Barabara ni mubaya."

"Barabara ya Goma ni mubaya tangu volcano. Mille."

"Mille deux cents," Sikuli alishuka hadi elfu moja na mia mbili, na sauti yake ikawa imenyooka, ile sauti ya ukaidi ambayo Katungu alikuwa hajaisikia tangu mwezi wa pili. "Haipunguki tena. Hutaki, kuna bengine."

Luc akaingiza mkono wa kushoto mfukoni, akatoa noti zilizokunjamana, akamlipa kabla ya safari, mbele ya macho yote. Sikuli akazinyosha, akazipokea. Kisha Luc akapanda kwa shida, asiye na mkono nyuma ya asiye na mguu, akamshika kaka yake kiunoni.

"Pole pole, motari," alisema. "Niko mugonjwa."

"Hata mi," Sikuli alisema, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya barabara, akakanyaga gia kwa mguu wa kulia.